MJADALA: Taka za milimani Mwanza, tubadilishe tabia kwanza au huduma ifike kwanza?

MTOA MADA

Wakuu, salaam.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi gari la matangazo linapita mtaani na wimbo ni uleule: wananchi badilikeni, acheni kutupa taka ovyo, Ziwa Victoria linakufa. Tunafagia mbele ya milango, tunafungua maduka, na Jumatatu Mto Mirongo, huu unaokatiza jijini kwenda ziwani, umejaa taka vilevile. Naleta hoja tuijadili bila matusi: shida ni tabia zetu kweli, au tunabebeshwa mzigo ambao si wetu peke yetu?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Nasema huduma na sheria zitangulie, tabia itafuata yenyewe.

Chukulieni rambo. Tulihubiriwa miaka nenda rudi kuhusu mifuko ya plastiki, hakuna aliyeshtuka. Tarehe 1 Juni 2019 ikapigwa marufuku nchi nzima, kanuni zikaja na faini ya kuanzia 30,000 hadi 200,000 kwa anayekutwa nayo, na milioni 20 hadi bilioni 1 kwa anayeitengeneza. Muda si mrefu kila mtu anakwenda sokoni na kikapu au mfuko mbadala, akiwemo yule mama mliyekuwa mnasema hana elimu ya mazingira. Kabla ya hapo, 1 Machi 2017, viliondolewa viroba vya pombe. Mitaro ilikuwa imejaa vile vifuko, na sidhani kama kuna mlevi aliyeitwa semina.

Halafu vyoo. Wa mitaa ya milimani, Igogo, Mabatini na Kilimahewa, mnanielewa. Gari la kunyonya majitaka halipandi kwenye mawe, kwa hiyo mvua kubwa ikianza usiku watu walikuwa wanatapisha vyoo, uchafu unashuka na maji hadi Mirongo, Mirongo unaupeleka ziwani. MWAUWASA, mamlaka yetu ya majisafi na majitaka, walipopandisha mabomba madogo ya majitaka kwenye baadhi ya milima hiyo, nyumba iliyounganishwa iliachana na mchezo huo. Utatapishaje choo kisicho na shimo?

Taka ngumu ndipo tulipokwama. Gari linasimama chini barabarani, linapiga honi, linaondoka. Wewe uko juu kabisa, njia yenyewe ni ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, unatakiwa ushuke na salfeti la taka kichwani kabla dereva hajachoka kusubiri. Mgonjwa, mzee, mama mwenye kichanga, wote washuke. Asiyeweza anaambiwa ana tabia mbaya.

Anayeona natetea uchafu ajue kwamba nala samaki kama yeye. Kuna utafiti uliochapishwa 2016 wa sangara na sato walionunuliwa hapa hapa Mwanza: katika kila samaki watano, mmoja alithibitika kuwa na chembe za plastiki tumboni. Kwa hiyo tunachotupa tunakirudisha mezani. Swali langu ni nani aanze.

Naomba kuwasilisha.

MJUMBE MSTAAFU

Mtoa mada umepangilia vizuri, ila umeruka mahali panapouma.

Kwetu huduma ilifika. Kikundi cha usafi cha vijana kilikubali kupanda hadi mlangoni, wanabeba mgongoni. Ada ya mwezi haikufika bei ya soda mbili. Unajua tulijibiwa nini nyumba kwa nyumba? "Mimi sina taka." Mtu ana watoto wanne, anapika mara mbili kwa siku, anamenya ndizi, anaparua samaki, hana taka! Sasa subiri mvua ipige saa tisa usiku, utaona hiyo "sina taka" inavyoteremka mtaroni. Vijana walivumilia, hela haikutosha hata ya glavu, wakaacha. Mnataka huduma gani tena?

Na hilo la rambo usilishangilie sana. Kanuni za 2019 ziliacha nje vifungashio vya viwandani, vya kilimo na vya hospitali. Wajanja wakapita hapo hapo: ukinunua nyanya unatiliwa kwenye kifuko cheupe laini, ukiuliza unaambiwa ni kifungashio. Mwaka 2021 serikali ikalazimika kurudi tena kuvikataza visitumike kama mifuko. Nenda sokoni kesho uniambie kama hutakutana navyo. Sheria ilitobolewa na watu walewale unaosema tabia yao imebadilika.

MWOKOTA CHUPA

Wazee wangu shikamooni. Mimi kazi yangu ni chupa, kwa hiyo nitaongea la kwangu tu.

Mara ya mwisho kuona chupa tupu ya maji imekaa mtaani siku mbili ni lini? Haikai. Tunapishana alfajiri kuiwahi kwa sababu inapimwa kwa kilo na inalipwa. Zinazofika ziwani ni zile mvua imetutangulia. Sasa inama uangalie kilichobaki mtaroni: pempasi, vifuko vyeupe, vipakiti vya sabuni ya unga, vya majani ya chai, vya karanga. Hivyo hakuna anayevinunua. Ukinipa bei ya pempasi nitaokota pempasi, naapa.

MCHANGIAJI WA NYASAKA

Mbona hamgusi mkaa? Serikali ina mkakati asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya gesi...

MJUMBE MSTAAFU

Ndugu yangu, fungua mada yako ya mkaa, nitakuja kuchangia na nitakubishia. Hapa tuko mtaroni.

MAMA MAPACHA, BUGARIKA

Pempasi imeshatajwa hapo juu na mwanaume, basi acheni aongee anayezitumia.

Mnatuambia turudi kwenye nepi za kitambaa kama mama zetu. Mama yangu alifua mtoni Magu, mto ulikuwa haumdai. Mimi ziwa naliona nikifungua dirisha, maji nanunua kwa ndoo, na anayenipandishia anataka yake juu ya bei ya maji. Watoto wawili, kila mmoja nepi saba au nane kwa siku, hesabu ndoo za kuloweka, kufua na kusuuza. Msimu wa mvua hazikauki, chumba kinanuka mkojo, mwenye nyumba ananuna. Nikipiga hesabu pempasi ni nafuu, na hiyo si tabia, ni hela.

Haya, imechafuka, niipeleke wapi? Chooni shimo linajaa na lenyewe ni fupi. Nikichoma, haishiki moto vizuri, inatoa moshi mweusi unaoingia kwa jirani mwenye pumu. Nikizika, jamani, Bugarika mnaijua? Ukipiga jembe linarudi, chini ni jiwe. Inabaki salfeti pale mlangoni, na mbwa wa mtaa ndiyo anayeamua siku ya kulifungua.

Mzee wetu mjumbe shikamoo. Hao waliosema hawana taka wengi ni wapangaji wa chumba kimoja. Mpangaji wa mwezi mmoja mmoja unamdai ada, mwenye nyumba mwenye vyumba kumi yuko Nyegezi hadaiwi. Mlianza na asiyefaa kuanza naye.

MVUVI WA IGOMBE

Nawasoma tu ila hapo kwa mama nimesimama. Nyavu zikivutwa baada ya mvua kubwa hiyo mizigo yenu inakuja na sato.

Lakini na sisi tusijifanye malaika. Timba, zile nyavu za uzi wa plastiki, ni haramu kisheria na bado ziko majini. Ikikatika inaachwa humo humo, haiozi, inaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Tumehubiriwa hilo mpaka masikio yamechoka. Sasa linganisheni na karabai, taa za mafuta tulizokuwa tunavulia usiku. Wengi wetu tunaovua dagaa tulihamia taa za sola bila kiongozi yeyote kuja mwaloni kutubembeleza, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yanamaliza faida ya usiku mzima. Mwaka huohuo, watu haohao. Tulibadilika palipotulipa, pasipotulipa hatukubadilika.

Na mkumbuke mwanzoni mwa 2025 magugu maji yalivyoziba njia ya vivuko kati ya Kigongo na Busisi, vivuko vikahangaika. Yale yanashiba uchafu wetu na mbolea za mashambani. Tangu Juni 2025 watu wanapita juu ya daraja, wameshasahau. Sisi tuko chini bado.

MTOA MADA

Mjumbe, sijakukimbia. Hicho kikundi chenu kilikufa kwa sababu kiliachiwa kikusanye taka na kikusanye hela, kazi mbili kwa mkono mmoja. Nauchukua mfano wa mama kama ulivyo: ada idaiwe kwa mwenye nyumba kwa idadi ya vyumba, iingie mtaani, kikundi kilipwe na mtaa. Aliyeko Nyegezi apigiwe simu.

Pempasi ni jambo la juu yetu. Kanuni za rambo zilijua kutofautisha mbebaji wa elfu 30 na mtengenezaji wa milioni 20. Kwa nini anayeingiza makontena ya pempasi asichangie shilingi kadhaa kwa kila pakiti, hela hiyo imlipe kijana wa chupa azikusanye? Amesema mwenyewe ataokota.

MJUMBE MSTAAFU

Atachangia, halafu pakiti itapanda bei. Na mwenye nyumba atalipa ada, halafu kodi itapanda. Mwisho wa siku atakayelipa yote ni huyo huyo mama mapacha.

MAMA MAPACHA, BUGARIKA

Najua kama nitalipa mimi, mzee wangu, lini sikulipa? Ipandisheni, ilimradi kijana afike mlangoni kila wiki. Ila akiruka wiki mbili mfululizo nawaambia mapema: salfeti litashuka na mvua.