Fibromialjia: kwa nini dada yangu ameandikiwa dawa ya sonona?

Mwana wa Masasi
Ndugu zangu, dada yangu anasumbuliwa na maumivu ya mwili mzima, uchovu, na usingizi ambao hata akilala usiku kucha haumtoshi. Vipimo havikuonyesha baridi yabisi wala tatizo la tezi ya shingo, na daktari amemwambia ana fibromialjia. Msimu wote wa korosho alikuwa akinunua diklofenaki dukani bila nafuu. Sasa ameandikiwa amitriptilini, na baada ya kusoma kwamba ni dawa ya sonona anaona hakuaminiwa. Je, aitumie?

Mfamasia, Lindi
Ndugu, mwambie dada kwamba ameaminiwa. Katika ugonjwa huu viungo havina uvimbe. Kasoro iko katika namna ubongo na uti wa mgongo vinavyozikuza ishara za maumivu, na ndiyo sababu diklofenaki na prednisoloni, ambazo kazi yake ni kutuliza uvimbe, hazimsaidii, ilhali diklofenaki ya muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo. Amitriptilini husaidia kuzituliza ishara hizo, na huanzwa kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 usiku, chini sana ya kiasi cha kutibu sonona, na nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Kinywa kitakauka, na asubuhi anaweza kuamka mzito. Kama ana ugonjwa wa moyo au presha ya macho, amweleze daktari kabla ya kuanza.

Mama wa Shangani
Mimi, mwanangu, amitriptilini ilinizidi usingizi, nikabadilishiwa pregabalini. Maumivu yamepungua, ingawa hayajaisha, lakini bei yake ni nzito na mwili umeongezeka. Daktari alinionya nisiiache ghafla. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2007, ikafuata duloksetini, nayo ni dawa ya sonona, mwaka 2008. Ulaya haijaziidhinisha kwa kazi hiyo. Wataalamu wa Ulaya, katika mapendekezo yao ya 2016, waliyapa mazoezi uzito kuliko dawa yoyote, nami natembea ufukweni kila jioni, mwendo mfupi kwanza.

Mwana wa Masasi
Ahsanteni sana. Je, akizidiwa anaweza kuongeza tramado, ile dawa kali ya maumivu, aliyobakiza nyumbani?

Mfamasia, Lindi
Hapana, asiichanganye na amitriptilini bila daktari kujua, kwa sababu zikikutana zinaweza kuleta degedege, au homa, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Airudishe hospitalini siku ya kliniki, na aseme waziwazi alikuwa akiinywa mara ngapi.