Vitabu vya zege vya enzi za inchi na ratili vimeishia kufungia viazi karai Malindi

Wadau, nina hasira na sitaki mtu aniambie nipoe.

Jana magharibi nimenunua viazi karai vya hamsini. Kufungua karatasi, nakuta jedwali la nondo! Vipenyo kwa inchi, maeneo kwa inchi mraba, mafuta yamelowa mpaka kwenye safu ya robo tatu. Nikamrudia muuzaji: "Mama, karatasi hizi umezipata wapi?" Akanionyesha rundo chini ya meza, kurasa zinachanwa moja moja. Ati kazinunua kwa kilo, chuo kimoja hapa mjini kilikuwa kinasafisha maktaba. Yeye simlaumu, anatafuta riziki yake.

Hicho chuo sasa. Mwaka jana nimekwenda pale mara mbili kuomba waniuzie vitabu vile vile. Nikajibiwa ni mali ya chuo, haviuzwi. Kumbe haviuzwi kwa fundi, kwa kilo vinauzwa!

Najua atatokea mjuaji hapa aseme vimepitwa na wakati. Kanuni ya Waingereza ya kupigia hesabu zege, CP 114, ilirekebishwa 1957, ikaja CP 110 mwaka 1972, halafu BS 8110 mwaka 1985, na leo ni Eurocode, kanuni za Ulaya. Najua, bwana. Nani kasema tujengee nyumba mpya? Majumba ya miaka ya sitini tunayoitwa kuyakarabati kila siku, yalipigiwa hesabu gani? Nondo laini za mviringo, hazina mbavu, zimeruhusiwa mkazo wa ratili 20,000 kwa inchi mraba basi. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), ratili 1,000 katika kupinda. Chuma kinahesabiwa kama zege mara 15. Mwambie kijana aliyehitimu juzi hiyo 15, atakuuliza imetoka wapi. Halafu tajiri anakuja anataka ghorofa juu ya slabu ile, na chumvi ya bahari imeshaanza kuzitafuna nondo. Utamjibu nini kama hujui mwenzako wa zamani alifikiria nini? (Wapo wanaomjibu "itabeba tu". Hao ndio wanaonikosesha usingizi.)

Rundo lililobaki nimelinunua shilingi mia mbili. Mihimili ipo, misingi ipo nusu. Sura ya nguzo yote imeondoka na viazi. Kama ulinunua pale wiki hii na karatasi hujaitupa, tafadhali nitafute, hata ikiwa na ukwaju.