Ushauri: mume anataka mtoto aitwe Mara, mama yangu anasema ni jina la uchungu

Mama Kichanga (Tabata)
Habari zenu ndugu zangu. Nina binti mchanga, tangazo la kizazi tunalo na karibuni tunaenda RITA kufuatilia cheti, ila jina limetugawa. Mume wangu ni mtu wa Musoma, amekulia upande wa Kirumi, pale daraja linapovuka mto Mara, na tangu mimba anamwita mtoto Mara. Mimi nalipenda. Ni fupi, na litamkumbusha kwao hata akikulia hapa Dar.

Mama yangu mzazi hataki kulisikia. Ni mtu wa kanisani, akanifungulia Ruthu 1:20, pale Naomi, aliyefiwa na mume na wanawe wawili, anasema wamwite Mara kwa sababu Mungu amemtenda mambo machungu. Anasema jina huumba. Shemeji naye kaongeza kwamba Ulaya Mara ni jinamizi. Sitaki kumvunjia mama heshima, wala mume aone kwao kumedharauliwa. Je, hayo yote ni neno moja? Na mama nimwendeeje?

Pwani Moja
Hongera dada. Bibi ana hoja, majina yana uzito. Mwiteni Neema yaishe.

Mto Ruvu
Mkoa mzima unaitwa Mara, Mwalimu Nyerere mwenyewe katokea huko Butiama. Mpeni mtoto jina lake.

Msaka Maneno
Hongera sana mama. Hapana, si neno moja. Ni maneno mengi yaliyogongana sauti, na kila moja lina kwao.

Mara ya Biblia ni ya Kiebrania, maana yake chungu. Kiarabu ni ndugu yake, nacho kina murr, chungu vilevile, ambalo pia ndilo jina la manemane. Mara yetu ya kila siku, ya mara moja na mara nyingi, nayo tumeipata kwa Waarabu, lakini kutoka neno lingine, marra. Hapa ndipo ninapopapenda: Kiarabu kikiandikwa bila alama za irabu, marra hiyo na murra, yaani chungu kwa kitu cha kike, huonekana sawasawa kwenye karatasi. Msomaji anazitenganisha kwa sentensi tu.

Shemeji hajakosea, ila ameshika kipande. Kwa watu wa kale wa Skandinavia, mara alikuwa pepo aliyeaminika kumkalia mtu kifuani usingizini. Waingereza bado wanaye ndani ya neno lao nightmare, Wafaransa ndani ya cauchemar. Kwa Wabudha, Mara ndiye aliyemjaribu Siddhartha, yaani Buddha mwenyewe, chini ya mti, na jina lake la Kisanskriti lina mzizi wa kufa. Ukitafuta ubaya utaupata. Lakini Kiairishi mara ni "ya bahari", imo kwenye jina la Connemara. Latvia wanawake wanaitwa Māra, na ni jina la mama mlinzi wa imani zao za zamani. Argentina ni mnyama wa ukoo wa simbilisi mwenye miguu mirefu, dume na jike lake hawaachani. Na Wamasai, ambao mto huo wanaujua, inaelezwa kwamba mara kwao ni madoadoa, kwa jinsi mbuga inavyoonekana na vichaka vyake.

Maneno mafupi ya silabi mbili lazima yagongane, maana sauti ni chache na lugha ni nyingi. Chukua neno siku: yetu ina saa 24. Kwa Wainuiti wa kaskazini siku ni barafu ya baharini, na kwa Waaymara wa milima ya Andes ni filimbi za matete zilizofungwa pamoja. Hakuna aliyemwazima mwenzake.

Mwalimu wa Jumapili
Nafundisha watoto kanisani, na ningemwomba bibi asome Ruthu hadi sura ya 4. Naomi alijiita Mara, lakini kitabu kinaendelea kumwita Naomi mpaka anapompakata mjukuu, Obedi, ambaye ndiye babu yake Daudi. Tena katika Kutoka 15, maji ya Mara yalikuwa machungu, Musa akatupa mti majini yakawa matamu. Ila niseme ukweli: hayo hayafuti anachosikia bibi. Amelisikia jina hilo kanisani miaka yote kwa maana moja, na kwake maana hiyo ni ya kweli.

Shangazi Mtoni
Mwanangu, usimpelekee mama yako kamusi, ataona unamfundisha. Mume aende mwenyewe kwa mama mkwe, akae, amweleze mto na walikotoka wazee wake. Bibi anajua mistari ya Ruthu, mto huo hajauona. Kisha amwombe ampe mjukuu jina la pili kwa kinywa chake. Akishatoa jina, na yeye atakuwa ameshiriki kumpokea mtoto.

Mama Kichanga
Asanteni sana, shangazi umenigusa. Mume amekubali kwenda Jumapili baada ya ibada. Bibi akitoa jina, kwenye cheti tuanze na lipi?

Shangazi Mtoni
Anzeni na lile mtakalomwitia nyumbani na shuleni, maana litamfuata kwenye vyeti vyote, na kubadilisha baadaye ni mlolongo. Ila msiandike chochote kabla bibi hajasema.