Baba profesa anaandika kumbukumbu za Lesotho, mama yumo kwa sentensi mbili. Nifanyeje?

Binti wa Luanda:
Salamu wadau. Naomba ushauri, na tafadhali tusigombane kama kwenye ule uzi wa mahari.

Baba ni profesa mstaafu wa historia, yuko nyumbani Luanda, Vihiga, hapo karibu na Maseno. Wahadhiri walipogoma Novemba 1993 kwa sababu serikali ilikataa kusajili chama chao, UASU, hali ya vyuo ilikuwa mbaya na mgomo ukaendelea hadi 1994. Wengi walifunga virago wakaelekea kusini. Kuna walioenda Botswana, kuna walioenda Afrika Kusini. Yeye alipata nafasi Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho, kule Roma. Mama alibaki na sisi, akifundisha shule ya msingi.

Sasa mzee anaandika kumbukumbu zake. Anaandika kwa mkono kwenye fulskapu, mimi nachapa jioni nikitoka kazini Kisumu. Na kalamu anayo, siwezi kumnyima hilo. Baridi ya Julai kule milimani ukiisoma unatafuta sweta. Anasimulia alivyoandaliwa papa na moroho siku ya kwanza akacheka peke yake mezani, maana alisafiri kote huko akakuta ni ugali na mboga za majani. Wanafunzi wanamwita Ntate, yaani baba. Anawapeleka Thaba Bosiu, mlima ambako Mfalme Moshoeshoe alijihami na watu wake, kisha anawagawa vijijini wakae na vikongwe, daftari mkononi, wasikilize bila kukatiza. Septemba 1998 peke yake ina kurasa chungu nzima: jeshi la Afrika Kusini limeingia, Maseru inaporwa na kuchomwa, wahadhiri wageni wamejifungia wanasikiliza redio.

Mama yumo hivi: "Mke wangu alibaki nyumbani kuangalia watoto. Namshukuru." Basi.

Mimi hiyo Septemba naikumbuka kutoka upande wa huku. Mama akitoka shule anapanga foleni kwenye kibanda cha simu, laini ya Lesotho haishiki, anarudi giza limeingia na kutuambia, "Baba yenu yuko salama," kwa sauti ileile ya darasani. Oktoba walimu wa nchi nzima nao wakagoma. Hundi ya baba ilikuwa haijafika, mama akauza ndizi sokoni kaka apate kurudi shule. Nyumba tunayokaa aliisimamia yeye kuanzia msingi, mafundi wakimwita Mama Profesa na kumwibia saruji.

Mzee anataka kitabu kizinduliwe Desemba, ukoo mzima ukiwepo, na wazee wa kanisa, na wenzake wa zamani. Mama hajasoma hata ukurasa. Nimwambie baba? Nimwonyeshe mama kwanza? Kaka anasema niongeze sura ya mama kimyakimya, eti kwa macho yale mzee hataona.

Jamaa wa Kondele:
Kitabu ni cha mtu na kazi yake ugenini. Mwache mzee. Ni wangapi wameandika vitabu vya siasa na wake zao hawamo hata kwenye picha? Mama akitaka, aandike chake.

Nyar Dunga:
Wewe wa Kondele hujaoa, inaonekana.

Dada, wazo la kaka yako litupe Ziwa Victoria. Mzee akisimama mbele ya watu asome jambo ambalo hakuliandika, utakuwa umemwaibisha yeye na mama pamoja. Lakini pia usimpelekee mama zile karatasi kabla hujazungumza na baba. Akizisoma akanyamaza, utafanya nini? Mama zetu wakinyamaza hivyo ndiyo balaa.

Mwalimu Mstaafu, Njoro:
Binti yangu, baba yako ni rika langu. Mimi nilikuwa Gaborone miaka hiyohiyo, kwa hiyo niruhusu nimtetee kidogo kabla sijamlaumu.

Sisi tulifundishwa kwamba mambo ya nyumbani ni sitara, hayapelekwi barazani. Ukimsifu mkeo hadharani wenzako wanakutazama kando. Hilo moja. La pili ni zito zaidi: huenda mzee haandiki kwa sababu hajui. Tulikuja likizo, tukakuta ua umefagiliwa, watoto wana viatu, ng'ombe wamechanjwa. Tulipewa kuku na habari njema. Nani angetuambia deni la duka siku tatu kabla hatujapanda ndege kurudi? Mimi habari ya mwanangu kulazwa na malaria nimeisikia akiwa na watoto wake mwenyewe.

Kwa hiyo usimwendee kwa lawama. Mwendee kwa taaluma yake. Mtu aliyewafundisha wanafunzi wa Kisotho kwamba kikongwe asiyejua kusoma ni chanzo cha historia hawezi kukataa swali hili: "Baba, kwa habari za Luanda kati ya mwaka ulioondoka na mwaka uliorudi, chanzo chako ni nani?" Mwulize hivyo tu, ukiwa na kalamu. Huku kwetu kizazi cha mwanahistoria Profesa Bethwell Ogot kilijijengea jina kwa kukaa chini na wazee na kuwasikiliza. Baba yako anaijua njia hiyo kuliko wewe na mimi. Ameitumia Thaba Bosiu, hajaitumia jikoni kwake.

Na usimwulize mbele ya mama, wala mbele ya kaka yako huyo.

Mtoto wa Chuo, Kakamega:
Naongeza upande mwingine. Sisi baba alituchukua wote tukaenda naye Botswana. Watu huku walidhani tumeula. Mama aliacha kazi yake ya uuguzi Kakamega, kule akakaa bila kibali cha kazi, akawa mke wa mhadhiri, akipika na kusubiri basi la shule. Tuliporudi wenzake walikuwa wamepanda vyeo. Baba naye ana hadithi tamu za Gaborone, na mama akizisikia huondoka sebuleni kwenda kuangalia kitu jikoni. Mama yako angalau alibaki na mshahara wake na jina lake shuleni. Sisemi ni afadhali. Mwulize tu vizuri, usimwandikie huzuni ambayo pengine hana.

Jamaa wa Kondele:
Haya, hiyo ya chanzo nimeikubali. Na nimeoa, Nyar Dunga.

Mhariri wa Nakuru:
Nimehariri kumbukumbu kadhaa za wazee, wengi wao walimu na watumishi wa serikali. Tatizo lako nalikuta karibu kila mswada. Mambo ya kuzingatia:

Tafuta barua. Watu wa miaka ya tisini waliandikiana, na mara nyingi barua za mke ndizo zilizotunzwa kwa sababu mume alirudi nazo kwenye sanduku. Barua moja ya mama inayouliza karo imelipwaje itafanya kazi kuliko kurasa kumi za shukrani. Lakini jihadhari: karatasi ni ya aliyepokea, ila haki ya kuyachapisha maneno hayo ni ya aliyeandika, ndivyo sheria ya hakimiliki inavyokwenda. Kwa hiyo mama ni lazima aombwe ruhusa, tena kwa maandishi, hata kama ni mkewe wa miaka yote. Hapo ndipo atakuwa na sauti ya kweli kwenye kitabu, kwa sababu anaweza kukataa.

Sura yake isiandikwe na baba wala na wewe. Mrekodi, nukuu, weka kama alivyosema. Nimeona sura za aina hiyo zikiwa ndizo watu wanazozisoma kwanza.

Desemba ni karibu mno. Uhariri, kupanga kurasa, ISBN kutoka Maktaba ya Kitaifa, kisha uchapishaji wenyewe: mkikimbizana mtazindua kitabu chenye makosa kwenye jalada. Nimeliona hilo, na jina lililokosewa lilikuwa la mwandishi. Desemba someni kurasa chache nyumbani, uzinduzi uwe Aprili.

Binti wa Luanda:
Asanteni sana. Nimerudi na habari.

Nilimwuliza baba lile swali la mwalimu wa Njoro. Akanitazama juu ya miwani, akasema kazi yangu ni kuchapa. Nikachapa. Keshoye wakati wa chai nikamsikia anamwuliza mama bati za nyumba kubwa ziliwekwa mwaka gani. Akasema yeye anakumbuka 1996. Mama akamwambia 1996 ilikuwa choo. Wakabishana mpaka chai ikapoa, baba akainuka, akarudi na fulskapu na kuandika "bati" pembeni kisha alama ya kuuliza.

Mama nilimweleza baadaye, baba akijua. Amekubali kurekodiwa kwa masharti. Deni la saccos lisitajwe kabisa. Mwalimu mkuu wa wakati ule asitajwe jina, ingawa alistahili. Na yeye asome kwanza zile sura za Roma, hasa ile ya tafrija za wahadhiri, kabla hajafungua mdomo. Baba ameomba apewe wiki moja "kuipitia upya" sura hiyo. Sijui anapitia nini.

Uzinduzi tumeusogeza hadi Aprili, kaka amenuna kwa sababu alishaagiza mahema.

Mhariri, swali moja. Mama akisimulia mambo ya nyumbani huingia Lunyore bila kujua, hasa akikasirika. Nimwombe aseme Kiswahili?

Mhariri wa Nakuru:
Usimwombe. Nukuu Lunyore chake neno kwa neno, tafsiri utaifanya baadaye ukiwa naye karibu. Rekodi saa moja tu kwa siku, simu nyingine zizimwe, na baba asiwemo chumbani siku za mwanzo, atasahihisha miaka. Ukimaliza mazungumzo ya kwanza nitumie dakika kumi hivi nisikilize sauti inatoka vipi.

Nyar Dunga:
Na mimi nataka kusoma hiyo sura ya tafrija. Ile ya kabla haijapitiwa upya.