Bunduki ya kufungua yenye mitutu ya kubadilisha: nihamie huko au nibaki na ya zamani?

Mkazi wa Upanga
Wakuu, habari za jioni. Nataka kubadilisha bunduki ya kuwindia kabla msimu haujafunguliwa Julai mosi. Nimevutiwa na zile zinazofunguka vipande viwili na kuingia kwenye sanduku dogo, halafu mtutu unabadilisha: leo mdogo, kesho mkubwa. Nimeangalia Blaser R8, jamaa mwingine ananivuta kwenye Merkel Helix. Ipi inafaa zaidi kwa mazingira yetu?

Fundi Vitako
Mkuu, hujatuambia kitu. Unawinda nini, wapi, kwa kaliba gani, yaani ukubwa gani wa risasi? Bajeti yako? Na sasa hivi unayo nini mkononi?

Kongoni Mwekundu
Wakati tunasubiri majibu yake, mimi R8 ninayo mwaka wa nne na siiachi. Boliti, kile chuma kinachoingiza risasi chemba, unaivuta moja kwa moja nyuma na kuirudisha mbele, hakuna kuinua mkono. Bunduki yenyewe haikokiwi mpaka usukume kile kitelezi kwa kidole gumba, kwa hiyo unatembea porini na risasi chemba bila wasiwasi. Nyumbani nina watoto, na ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba magazini na kifyatuo vinatoka pamoja kama kitu kimoja. Navifungia pengine kabisa, mbali na bunduki.

Mzee wa Rufiji
Vijana wangu, mimi nina Brno ZKK 602 ya .375 H&H tangu enzi ambazo wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Kaliba hiyo imeanza 1912 na mpaka leo nyati anaiheshimu. Bunduki moja, darubini moja, risasi aina moja. Ukiinyanyua gizani mkono unajua kila kitu kilipo. Mitutu miwili ya nini?

Kongoni Mwekundu
Shikamoo mzee wangu. Mitutu miwili kwa sababu .375 kwa swala pala ni kubwa mno, na .308 kwa nyati hairuhusiwi, lazima kuanzia .375. Badala ya bunduki mbili ndefu, kitako cha kuegemeza begani ni kimoja.

Mzee wa Rufiji
Marahaba. Swala nimewapiga sana kwa .375, risasi inapita tu na nyama haiharibiki mnavyodhani.

Msoma Katalogi
Tutenganishe mambo. Bunduki ya kufungua si lazima iwe ya kubadilisha mtutu. Browning BLR ile ya kufungua inakatika katikati lakini mtutu ni uleule. Helix unabadilisha bila kifaa chochote, R8 inahitaji ufunguo wake wa kukaza nati mbili chini ya mtutu. Na ukitoka .30-06 kwenda .375 H&H, sehemu ya nyuma ya risasi inakuwa pana zaidi, kwa hiyo unabadilisha na kichwa cha boliti kinachoishika. Na risasi ni ndefu zaidi, magazini nayo ibadilike. Bei ya mtutu wa pili si ya mtutu peke yake.

Ngiri Mbili
Ngoja niwaeleze yaliyonikuta, maana naona sifa tu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na bunduki ya namna hiyo, kampuni siitaji. Mtutu wa .308 na wa .375, darubini moja, naihamisha huku na huku kwa sababu ya pili ilinishinda bei. Tulitoka Dar alfajiri, tukapita Mbagala kabla ya foleni, Kibiti tukanywa chai, jioni tuko kambini. Nikabadilisha mtutu kwa mwanga wa tochi juu ya boneti ya gari, upepo unavuma na mchanga unaruka. Nikakaza nati, nikahisi zimekaa. Asubuhi mwenzangu akasema piga kwanza risasi moja kwenye karatasi. Nikamjibu tutafukuza wanyama.

Saa tatu tukamkuta pofu dume, kama hatua tisini, amesimama ubavu. Nililenga bega, ikampata tumboni. Tulimfuata mpaka jua linazama, mfuata nyayo wetu amepiga magoti anatafuta tone moja moja la damu. Kesho yake tukarudi. Hatukumpata. Nilipofungua mtutu nilikuta punje za mchanga pale unapolala, na nati moja haikuwa imefika mwisho. Kosa lilikuwa langu. Lakini bunduki yenye mtutu usiotoka isingenipa nafasi ya kulifanya. Yule pofu simsahau, na ile bunduki niliiuza.

Kongoni Mwekundu
Pole sana kaka. Ndiyo maana kwenye R8 darubini inakaa juu ya mtutu wenyewe: kila mtutu na darubini yake, unatoka nayo na kurudi nayo. Hata hivyo risasi ya kuhakiki lazima, hapo sibishani na wewe.

Dada wa Mbezi Beach
Hakuna anayetaja kutu. Hewa ya bahari hapa Dar inakula chuma usiku kucha, na bunduki ya kufungua ina nyuso nyingi za kugusana. Sanduku lenye sponji ndani ndilo baya kuliko yote, linashika unyevu. Mimi naifuta bunduki kwa mafuta kila Jumapili, na mtutu usiotumika nausimamisha wazi ndani ya sefu, siulazi kwenye sanduku lake.

Afande Mstaafu
Kabla ya yote hayo: leseni yako inataja bunduki na kaliba yake. Mtutu wa kaliba nyingine una namba yake. Nenda polisi na karatasi za muuzaji, uliza mtutu wa pili utaandikwaje, upate jibu kwa maandishi. Usilipe hata senti kabla ya hapo.

Mkazi wa Upanga
Nashukuru wote, samahani kwa kuchelewa. Nakaa ghorofa ya tatu, sefu yangu ni fupi. Nawinda swala pala na ngiri, mwaka huu nataka kuomba kibali cha nyati pia. Ninayo ZKK 600 ya .30-06, ya marehemu baba. Kitako kimepasuka nyuma ya boliti, nilitaka kuiuza ili nijazie hela.

Mzee wa Rufiji
Hilo ndilo ungeanza nalo, mwanangu! Bunduki ya baba yako usiiuze.

Fundi Vitako
Ufa huo unatengenezeka. Ukitaka kitako kipya, mninga. Umetulia, haucheziwi na unyevu. Mpingo watu wanaupenda kwa sura lakini ni mzito, utachoka bega.

Msoma Katalogi
Mkongo je?

Fundi Vitako
Nimewahi kufanya, ila mninga mkavu unakatika vizuri kwenye patasi.

Mkazi wa Upanga
Fundi, nina ubao wa mninga nyumbani kwa mama Morogoro, uko darini zaidi ya miaka kumi. Utakuwa umekauka vya kutosha?

Fundi Vitako
Unene wake?