Kampuni kubwa za bia zitangaze zinachota maji kiasi gani, tumechoka na "lita kwa lita"

Wakuu, uzi huu nauandika kwa hasira.

Kila mwaka kampuni za bia zinatoa ripoti ya mazingira, na kila mwaka tunapewa namba ile ile ya kujisifia: lita ngapi za maji zimetumika kupata lita moja ya bia. AB InBev, kampuni kubwa ya bia duniani walioichukua TBL (Tanzania Breweries) walipoinunua kampuni mwenzao SABMiller mwaka 2016, walijiwekea lengo la lita 2.5 kufikia 2025. Heineken wanataka 2.9 duniani kote ifikapo 2030, na 2.6 kwenye maeneo yenye uhaba. Namba ikishuka wanapewa tuzo, magazeti yanaandika, basi.

Siwanyimi mafundi haki yao. Sehemu kubwa ya maji ya kiwandani haiingii kwenye chupa kabisa. Yanaosha chupa zinazorudi na kreti, yanasafisha matangi na mabomba, yanalisha boila, yanapooza mitambo. Ukiyachukua maji ya suuza ya mwisho ukayatumia kwa suuza ya kwanza ya zamu inayofuata, umeokoa maji ya kweli. Hilo limefanyika na linastahili sifa.

Ila piga hesabu uone tunavyozungushwa. Chukua kiwanda cha mfano kinachotoa bia lita milioni 100 kwa mwaka, kikitumia lita 4 kwa lita. Hapo ni maji lita milioni 400. Kikajirekebisha hadi lita 3, halafu kikapanuliwa hadi bia lita milioni 150. Sasa kinachota milioni 450. Ripoti itaandika kwamba matumizi yamepungua kwa robo, wakati chanzo cha maji kimepoteza lita milioni 50 zaidi kuliko zamani! Anayekaa jirani na chanzo hicho anahusika na milioni 450. Ile 3 haimsaidii kitu.

Nani asiyekumbuka Oktoba 2022 Dar? Mto Ruvu ulipungua, DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) wakatangaza mgao, watu wakagombania madumu na kusubiri maboza kwa bei ya muuzaji. Wenye visima virefu walijiona wamepona, lakini tuulizane visima hivyo vinaelekea wapi. Tangu ukame wa 1997 jiji hili limetobolewa kila kona. Ukanda wa pwani ukivuta maji ya chini kuliko mvua inavyorudisha, maji ya bahari yanasogea kujaza nafasi, na kisima kikishaingia chumvi usitegemee kitapona mwakani. Kwenye jiji la namna hii, kila mchotaji mkubwa, awe wa bia, soda au saruji, anatakiwa ajulikane anachota kiasi gani na kutoka wapi.

Na hapo bado shamba. Mwaka 2009 SABMiller wenyewe, wakishirikiana na shirika la uhifadhi la WWF, walipima maji yote kuanzia shayiri hadi chupa. Afrika Kusini ikatoka lita 155 kwa lita moja ya bia, Jamhuri ya Cheki 45, na zaidi ya asilimia 90 yalikuwa ya kilimo. Kwa hiyo wanajua. Wamejua kwa miaka mingi kwamba ile 2.5 ni kijipande tu cha habari, na bado ndiyo inayowekwa ukurasa wa mbele.

Najua kuna mtu atakuja kusema shayiri yetu ya Karatu na Monduli inanyeshewa na mvua. Hoja ya haki kabisa, mvua iliyoanguka shambani huwezi kuihesabu sawa na maji ya kisima. Basi watutenganishie: ya mvua haya, ya kumwagilia haya, ya kisima haya, ya bomba haya. Shayiri ya Taung kule Afrika Kusini inamwagiliwa, na ipo kwenye hesabu. Kinachoshindikana kwetu ni nini?

Kuna na hii ya "kurudisha maji". Diageo, wenye bia ya Guinness, waliahidi kwamba kufikia 2026, kwenye maeneo yenye uhaba, watarudisha maji mengi kuliko wanayotumia. Kupanda miti na kuchimbia kijiji kisima ni mambo mazuri, nayaunga mkono. Lakini mti ulioota mlimani Uluguru haukiondolei chumvi kisima cha Dar, na mara nyingi anayehesabu lita zilizorudishwa analipwa na kampuni hiyo hiyo.

Najua pia mtu atasema viwanda hivi vinalipa kodi na kutoa ajira. Kulipa kodi hakumpi mtu ruhusa ya kuficha mita.

Mexico walikataa. Mexicali, jimbo la Baja California, kampuni ya Constellation Brands ilikuwa imeshajenga sehemu kubwa ya kiwanda cha bia ya kupeleka Marekani, kwenye bonde kavu linalotegemea mto Colorado. Wakulima na wakazi waliandamana miaka. Machi 2020 ikapigwa kura ya maoni, kama asilimia 76 wakasema hapana, serikali ikanyima vibali na mradi ukahamishiwa Veracruz. Sisemi tufunge viwanda. Wale walikuwa na takwimu ya maji yatakayochotwa kwa mwaka mzima, wakabishana nayo.

Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na tuna bodi za mabonde zinazotoa vibali vya kutumia maji. Nataka kila kiwanda kibandike hadharani kiasi kilichoruhusiwa, kilichochotwa kwa mwaka na chanzo chake. Kuna mtu humu anafanya kazi Bodi ya Wami/Ruvu au Pangani? Atueleze mwananchi anaingiaje ofisini kuomba kuona vibali hivyo, anajaza fomu gani, na akikataliwa anakata rufaa kwa nani.