Naomba ushauri: kozi ya umeme wa majumbani kwenda mtandaoni, nitumie Moodle, Classroom au grupu la WhatsApp?

Koleo Butu
Wakuu salaam. Nafundisha umeme wa majumbani, hatua ya kwanza, kwenye chuo kidogo binafsi huku kanda ya kati. Uongozi umeamua kozi iende mtandaoni ili watu wasome kwa muda wao, na tunaanza wiki tatu zijazo. Nina video 11 nilizorekodi kwa simu na notisi za PDF. Swali langu ni moja tu: Moodle, Google Classroom au grupu la WhatsApp? Usingizi sipati.

Ohm ya Mwisho
Moodle, usizunguke. Ni programu ya bure ya kuendeshea kozi, ila seva utalipia. Mambo matatu yanawaangusha wengi. La kwanza, PHP, lugha inayoiendesha Moodle kwenye seva, ikiwa haijaguswa inapokea faili la MB 2 tu, hivyo video itakataliwa na utadhani Moodle mbovu. Ongeza upload_max_filesize, halafu post_max_size iwe kubwa kuliko hiyo. La pili, cron, yaani kazi za seva zinazojiendesha zenyewe, iwashwe kila dakika, bila hivyo taarifa haziendi kwa wanafunzi. La tatu, jaribio la kufanyika bila intaneti kwenye programu ya simu lazima uliruhusu mwenyewe, na haliwezekani likiwa na kikomo cha dakika. Tarehe ya kufunga ipe siku kadhaa za ziada, maana majibu yaliyojazwa bila mtandao yanasubiri mpaka simu ipate mtandao.

Bando Limeisha
Ohm bwana, mtu kauliza njia unampa ramani ya dunia. Classroom inatosha: anafungua akaunti, anapakia, kazi imekwisha. Nani atalinda hiyo seva usiku?

Ohm ya Mwisho
Classroom haina H5P, zana ya kupachika swali katikati ya video. Na shughuli ya H5P imo ndani ya Moodle tangu toleo la 3.9 la 2020, huongezi kitu. Ila video iwe faili ulilopakia mwenyewe. Ukiweka kiungo cha YouTube, bila intaneti mwanafunzi anaona boksi jeusi.

Kitumbua cha Jana
Siti ya mbele nimeshakaa. Mwanafunzi akipigwa shoti kwenye grupu la WhatsApp, anatuma emoji gani?

Bi Karakana
Kaka Koleo, jukwaa ni jambo la mwisho. Wanafunzi ni wangapi, wako wapi, wana simu za aina gani, mchana wanafanya nini? Na hizo video zina ukubwa gani?

Koleo Butu
Dada, wako 36. Simu janja wote wanazo, ila nyingi ni za bei ya chini. Video ni dakika tanotano, kila moja kama MB 640. Grupuni nilijaribu kutuma moja, ikafika haieleweki.

Ohm ya Mwisho
Hiyo ni 1080p ghafi ya simu. WhatsApp inaibana mpaka waya wa kahawia na mwekundu zinafanana, na kwenye umeme hilo si kosa dogo. Chukua HandBrake, programu ya bure ya kubana video: H.264, upana 854 kwa kimo 480, picha kilobiti 400 kwa sekunde, sauti mono kilobiti 64. Unapata kama MB 3.5 kwa dakika, yaani ile ya dakika tano inashuka hadi MB 17 na ushee. Zote 11 ni MB 190 hivi. Waje siku moja wanakili chuoni kwenye kadi za simu, bando halitumiki kabisa. Ukilazimika kutuma WhatsApp, itume kama dokumenti.
Na urekodi kutoka juu ya bega la fundi. Tunataka kuona mikono na vituo vya swichi, si sura yako.

Mzee Njugu
Vijana, hizo notisi za PDF ni zako au umeskani kitabu cha mtu? Rasilimali huria zipo, Commonwealth of Learning na UNESCO-UNEVOC wanatoa za ufundi. Lakini soma herufi za leseni ya Creative Commons. BY: mtaje mwandishi. NC: usifanyie biashara. ND: ukiitafsiri kwa Kiswahili hauruhusiwi kuisambaza. Chuo kinatoza ada, basi NC iogope. Siku hizi watu hawaogopi kitu.

Bi Karakana
Nimerudi. Koleo, swali la mchana hujajibu. Wanafunzi wanafanya nini, na vitendo vitapimwa na nani, wapi?

Kitumbua cha Jana
Kimyaaa.

Koleo Butu
Sawa, niseme. Wengi ni mafundi wa mtaani tayari, wana miaka mitano, wengine kumi. Wanataka cheti. Nusu ya ada wameshalipa. Tangazo lilisema "soma ukiwa saiti, pata cheti bila kufika chuoni". Silo nililoandika mimi, ila nililiona nikakubali. Lakini tuelewane: vitendo wanavyo mikononi, kila siku wanafunga nyumba. Wakinitumia video za kazi zao nikazitolea alama, kuna ubaya gani? Mimi nilitaka tu kujua jukwaa.

Mzee Njugu
Kuna ubaya wa nyumba kuungua, mwanangu.

Bi Karakana
Kumbe kisa ni kingine kabisa. Mafundi wa miaka kumi hawahitaji kozi nzima. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa, mapungufu yanaonekana, anafundishwa hayo, kisha anatunukiwa. Anza hapo. Hata VSOMO, programu ya simu ya VETA na Airtel, ile ya 2016, nadharia ilikuwa kwenye simu na vitendo vikafanyika chuoni. Video ya saiti haikuoneshi kitu muhimu. Mfano kipimo cha insulesheni, yaani kama ganda la waya halivujishi umeme: volti 500 DC, kisomo kisishuke chini ya megaohm 1. Utajuaje kama kabla ya kupima alichomoa taa za LED na vifaa vya elektroniki? Kwenye video unaona namba tu. Tena unamtuma mtu ashike simu mkono mmoja na bisibisi mwingine kwenye boksi lenye umeme.

Bando Limeisha
Wakuu, hii chai. Asubuhi ilikuwa "hatua ya kwanza", jioni wamekuwa mafundi wa miaka kumi. Mwalimu wa umeme gani haulizi kitu kuhusu umeme, anauliza Moodle? Huyu ni mwanafunzi wa diploma, kapewa zoezi la "kozi nyumbufu", anatukamua.

Kitumbua cha Jana
Sukari iongezwe kidogo.

Mzee Njugu
Au dalali wa vyeti anapima upepo.

Koleo Butu
Si mwanafunzi wala dalali. Fundi wa miaka kumi bila cheti anaandikishwa hatua ya kwanza, mnataka nimwandikishe wapi? Haya, ulizeni umeme. Jana mmoja wao kanitumia video ya swichi za ngazi alizofunga, mbili kwa taa moja. Swichi ya chini ikielekea upande mmoja, ya juu inawasha na kuzima vizuri. Ukigeuza ya chini, ya juu imekufa kabisa. Sijamjibu bado. Bando, niambie kosa liko wapi.

Bando Limeisha
…Balbu imelegea?

Ohm ya Mwisho
Balbu iliyolegea haichagui upande. Waya unaoleta moto kaufunga kituo cha L1 badala ya COM, kituo cha pamoja, kwenye ile ya chini, na waya mmoja wa kati ya swichi ndio uko COM. Ikikaa COM kwa L1, moto unapita. Ikigeuzwa, nyaya mbili za kati zinaungana zenyewe kwa zenyewe na moto umebaki nje. Kisa ni cha kweli, hili halitungwi.

Bi Karakana
Na fundi huyo ana miaka mingapi kazini?

Koleo Butu
Minane.

Bi Karakana
Ndiye uliyesema vitendo anavyo mikononi.

Koleo Butu
Nimekuelewa dada, vitendo vipimwe chuoni. Ila Jumamosi zote kuja hawatakubali, kazi zao ndizo za mwisho wa wiki.

Bi Karakana
Jumamosi nne tu, kwa kupima na kurekebisha. Mazoezi mengine wafanyie kwao, kwa volti 12. Ubao wa plywood sentimita 60 kwa 40, swichi mbili za njia mbili, kishikio cha taa, taa ya LED ya volti 12 wati 5, mita tano za waya wa milimita za mraba 1.5, betri ya volti 12 ya Ah 7. Fyuzi ya ampea 3 ikae kwenye waya chanya, karibu na kituo cha betri, usiisahau: betri ndogo hiyo ikipiga shoti inachoma waya mpaka ganda linayeyuka. Ubao mmoja kwa watu watatu wanaokaa jirani. Anatuma picha mbili: moja ya mzunguko, moja ya karibu ya kituo cha swichi, shaba isionekane nje ya skrubu. Anayekosea anajua Jumamosi ataanzia wapi.

Koleo Butu
Watu watatu kwa ubao, 12 basi. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 itatosha?

Ohm ya Mwisho
244 kwa 122. Nne kwa urefu, tatu kwa upana, 12 kamili. Msumeno unakula milimita 3 kila mkato, na bado unabaki na nafasi.

Koleo Butu
Asante wakuu. Kesho naenda kununua mbao.

Bi Karakana
Na tangazo?

Kitumbua cha Jana
Kimyaaa tena.